Mwanafunzi anawaza kujiua na hataki mtu ajue: wajibu wa mshauri unaanzia wapi, unafika wapi?

mlango_wazi

Habari za kazi wakuu. Swali hili nalileta hapa kwa sababu kwenye mafunzo tunaambiwa kwamba usiri una mipaka, halafu somo linakatika papo hapo. Mipaka yenyewe iko wapi, ukiifikia unafanya nini, unampigia nani, hayo kila mtu anaachiwa ajijue.

Tuchukulie hali kama hii. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, miaka 20, amekuja ofisi ya ushauri nasaha kwa habari ya kukosa usingizi na kufeli mitihani miwili. Dakika ya 35 anasema, "Saa nyingine naona bora nisingekuwepo." Akiulizwa anakubali kwamba anawaza kujiua mara tatu nne kwa wiki, ila hajaamua lolote. Wazazi wasijue, baba ndiye anayelipa ada. Mlezi wa wanafunzi asijue, atamtoa bwenini. Muda unakwisha, nje kuna mwenzake anasubiri, na siku yenyewe ni Ijumaa.

Naomba mwongozo kwa haya:

1. Hatari inapimwaje, na lini ni ya leo leo?
2. Usiri unavunjwa lini, anaambiwa nani, na anaambiwa kiasi gani?
3. Akihitaji hospitali, tunampelekaje bila kumpotezea njiani?
4. Faili liandikwe nini? Wapo wanaosema andika machache yasije yakakufunga, wapo wanaosema andika kila kitu.
5. Chuo kikisema arudi kwao hadi apone, mshauri anasimama upande gani?

*Msimamizi wa jukwaa: Uzi huu ni wa watoa huduma. Kama wewe mwenyewe unawaza kujiua, usisubiri majibu ya hapa. Mwambie sasa hivi mtu aliye karibu nawe, au nenda kituo cha afya kilicho jirani, na usikae peke yako.*

zamu_ya_jioni

Nachukua la kwanza, maana hilo likikosewa mengine yote yanapinda.

"Bora nisingekuwepo" ni mlango umefunguliwa, ingia. Uliza kwa neno lenyewe: "Umewahi kuwaza kujiua?" Usiseme "kujidhuru", usiseme "kufanya jambo baya". Anayejikata ili apunguze maumivu ya moyo atajibu ndiyo kwa kujidhuru ilhali kufa hataki. Na anayetaka kufa anaweza kukana "jambo baya" kwa moyo mweupe kabisa, kwa kuwa kwake si baya, ni nafuu. Ile hofu kwamba ukiuliza unampandikizia wazo haina msingi. Imechunguzwa, ukiwemo utafiti wa 2005 kwa wanafunzi wa sekondari Marekani, na kuuliza hakukuonekana kuongeza mawazo hayo. Swali linaloharibu ni lile lenye jibu ndani yake: "Lakini huwazi kujiua, sivyo?" Hapo umeshamwambia unachotaka kusikia, naye atakusaidia kukisikia.

Kisha fuata mpangilio. Dodoso la Columbia la kuuliza kuhusu kujiua, toleo fupi, lina maswali sita: kutamani kufa, kuwaza kujiua, kuwaza njia, kuwa na nia, kuwa na mpango pamoja na nia, na la mwisho ni tendo, yaani jaribio, jaribio lililokatishwa, au maandalizi. Matano ya mwanzo yanahusu mwezi uliopita. La sita linauliza maisha yote, halafu linauliza miezi 3 iliyopita. Akikana la pili unaruka la tatu hadi la tano, lakini la sita lazima uliulize. Wengi wanateleza hapa: mwanafunzi anakana mawazo ya wiki hii, mshauri anafunga karatasi, kumbe mwezi uliopita alijaribu na hakumwambia mtu. "Ndiyo" kwa la nne, la tano, au kwa la sita ndani ya miezi 3, hiyo ni hali ya kushughulikia kabla hajatoka mlangoni.

Ila sikiliza, mkuu: dodoso linakusaidia usisahau swali, halikuambii nani atakufa. Uchambuzi uliochapishwa 2017, uliokusanya tafiti 365 za miaka 50, ulikuta kwamba uwezo wetu wa kubashiri kujiua umezidi kubahatisha kwa kiasi kidogo mno. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, kwenye mwongozo wake wa 2022 kuhusu kujidhuru, inakataza kutumia vipimo hivi kubashiri au kuamua nani apewe huduma na nani aachwe, na inakataza pia kuwagawa watu katika hatari ya chini, ya kati na ya juu. Kwa hiyo wajibu wako wa kitaaluma si utabiri. Ni kuuliza vya kutosha, kuamua kwa sababu zinazoelezeka, kutenda kulingana na ulichokikuta, na kufuatilia.

Vya kutosha maana yake nini? Mawazo yanakuja saa ngapi, yanadumu muda gani, yakija anafanya nini. Kitu gani kimemzuia hadi leo. Njia aliyoiwaza anaifikia kirahisi kiasi gani. Pombe na dawa za kulevya. Usingizi, saa ngapi kwa usiku. Je, kuna mtu wake wa karibu aliyejiua? Kuna aibu mpya: picha zilizosambazwa, mimba, kesi ya kuibia mtihani, kuachwa? Na swali ambalo binafsi nalipa uzito kuliko mengi: "Kwa nini umelisema leo?" Mara nyingi jibu lake ndilo linaloonyesha ni nini kimebadilika wiki hii.

Kuhusu dakika ya 35: mada ya mitihani isimame hapo hapo. Anayesubiri nje apangiwe muda mwingine. Ofisi iwe na njia ya kumwashiria mtu wa mapokezi bila wewe kutoka chumbani, hata kama ni ujumbe wa simu wenye neno moja mlilokubaliana. Tathmini ya dakika 10 huku unatazama saa ukutani mwanafunzi anaiona, na anafupisha majibu ili akuondolee usumbufu.

mizani

La pili. Nianze na kitu ambacho dakika ya 35 hakitengenezeki tena: mipaka ya usiri inatajwa kikao cha kwanza, kwa mdomo na kwa maandishi, kabla hajakwambia lolote. Fomu iliyosainiwa mapokezi pamoja na karatasi nyingine tano haitoshi. Sema: "Tunayozungumza yanabaki hapa. Nikiona maisha yako yako hatarini, nitamshirikisha mtu anayeweza kusaidia, na nitajitahidi nikwambie wewe kwanza. Huwa nashauriana pia na msimamizi wangu wa kitaaluma." Sentensi tatu. Bila hizo, utakapopiga simu utaonekana msaliti, na wenzake bwenini nao hawatakuja tena.

Sasa kwa mwanafunzi uliyemweleza. Mawazo yapo, nia hakuna, mpango hakuna, jaribio hakuna, amekuja kwa miguu yake na anakubali kurudi. Kwa kawaida hapo usiri hauvunjwi. Hali inabadilika akiwa na nia ya karibu, akikataa kila hatua ya usalama, au akiwa hawezi kuahidi hata kesho kwa sababu ya ulevi, kuweweseka au kusikia sauti. Na hata hapo unaanza na ridhaa: "Nani angeweza kukaa nawe leo usiku? Tumpigie pamoja, wewe uzungumze, mimi niko hapa." Simu inayopigwa mbele yake, kwa sauti anayoisikia, ni tofauti kabisa na simu anayokuja kuisikia kesho.

Ukilazimika kusema bila ridhaa, pima vitu viwili. Kwanza, nani anaweza kutenda? Mzazi aliye mbali saa nane kwa basi hawezi kumkalisha mtu salama usiku huu. Msimamizi wa bweni anaweza. Pili, nini ni cha lazima? Msimamizi anahitaji kujua kwamba mwanafunzi asiachwe peke yake, hadi lini, na ampigie nani. Hahitaji kujua habari za mchumba, za mimba wala za baba. Kabla ya kumwita mzazi, uliza kama nyumbani kuna kipigo au unyanyasaji. Mzazi akiwa ndiye chanzo, tafuta ndugu mwingine.

Yanayoharibika kila siku: jina la mwanafunzi kutupwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, "naomba tumwangalie fulani, ana mawazo ya kujiua." Ndani ya saa moja wamejua watu 40, mmoja wao akiwa mhadhiri wake. Tumia simu ya sauti kwa mtu mmoja, kisha andika kwenye faili umemwambia nani, nini, saa ngapi.

Upande wa sheria, wengi wanataja kesi ya Tarasoff ya California, 1976. Ile ilihusu wajibu wa mtabibu kwa mtu mwingine aliyetishiwa na mteja, haikuhusu mteja anayetaka kujiua, kwa hiyo usiitumie kama ufunguo wa kila mlango. Inayogusa vyuo zaidi ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya jimbo la Massachusetts, Marekani, Mei 2018, katika kesi iliyofunguliwa dhidi ya chuo kikuu cha MIT. Mahakama ilisema chuo kinaweza kuwa na wajibu wa kuchukua hatua za busara pale kinapojua kwa hakika kwamba mwanafunzi amejaribu kujiua akiwa masomoni au muda mfupi kabla ya kujiunga, au kwamba ametamka nia au mpango wa kujiua. Hatua zenyewe ni kuanzisha utaratibu wa chuo kama upo. Kama haupo, kumtafutia huduma. Na akikataa huduma, kumjulisha mtu wake wa dharura. Katika kesi hiyo MIT haikukutwa na kosa. Kwa nchi nyingine hukumu hiyo si sheria, lakini ukiisoma utaona mahakama inaangalia nini: mlijua nini, lini, mkafanya nini. Kwenu mtazame sheria yenu, hasa umri wa utu uzima (mwaka wa kwanza kuna wenye miaka 17), na kama kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai. Mahali ilivyo hivyo, kuita polisi bila kufikiri kunaweza kugeuza mgonjwa kuwa mshtakiwa.

mlango_wazi

Asanteni sana, nimeelewa. Nimeona baadhi ya ofisi zina karatasi ambayo mwanafunzi anasaini kwamba hatajiua hadi kikao kijacho. Hiyo ina uzito wowote?

daftari_la_bluu

Itupeni. Mkataba wa kutojiua haujathibitishwa kuzuia chochote, na mahakamani hauwezi kuwa ngao yako. Kibaya zaidi, unamfunga mdomo: akizidiwa Jumapili usiku ataona ameshavunja ahadi, atakuficha.

Mbadala wake ni mpango wa usalama, ule wa watafiti Stanley na Brown, wenye hatua sita. Unaandikwa pamoja naye, kwa maneno yake, dakika 20 hadi 45:

Dalili zinazotangulia (si "nikiwa na huzuni" bali "nikianza kuzima simu na kulala na nguo nilizoshindia"). Mambo anayoweza kuyafanya mwenyewe. Watu na mahali pa kumwondoa mawazoni bila kulazimika kueleza lolote. Watu anaoweza kuwaeleza. Wataalamu na namba za dharura. Mwisho, kuyafanya mazingira yake salama.

Utafiti wa 2018 katika hospitali za maveterani wa jeshi Marekani ulilinganisha waliopewa mpango huu pamoja na simu za kufuatilia, ya kwanza ndani ya saa 72, na waliopewa huduma ya kawaida. Matendo ya kujiua katika miezi 6 yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 45. Zingatia kwamba simu zilikuwa sehemu ya huduma. Karatasi peke yake, iliyojazwa haraka na kuwekwa kwenye faili, haijafanya kazi yoyote. Mwanafunzi aondoke na nakala. Apige picha aiweke kwenye simu.

Kila jina na namba iliyoandikwa ijaribiwe. "Nitampigia rafiki yangu." Rafiki gani? Saa nane usiku anapokea? Anajua kwamba yuko kwenye orodha? Na muulize kwa kila hatua: "Una uhakika gani utaifanya hii, sifuri hadi kumi?" Akisema tatu, tafuteni nyingine.

Hatua ya sita wengi wanaiogopa, na ndiyo naiona nzito kuliko zote. Kilele cha hatari mara nyingi ni kifupi, pengine dakika au saa chache, na mtu asipoikuta njia aliyoiwaza karibu yake wengi hawahamii nyingine. Hivyo ulizeni waziwazi aliwaza nini na kiko wapi, kisha kubalianeni nani anakichukua, lini, na wewe utajuaje kwamba kimechukuliwa. "Atakiondoa" haijakamilika. "Mwenzake wa chumba anazichukua dawa zote zilizobaki leo kabla ya saa 12 jioni, naye atatuma ujumbe kwenye simu ya ofisi" imekamilika. Mwenzake wa chumba naye usimfanye mlinzi. Anaweza kupokea kitu na kupiga simu, basi. Kumkesha mwenzake si kazi yake, ana mitihani yake.

bweni_la_mashariki

Naongezea kwa wanaotoa huduma kwa simu au video: mwanzo wa kila kikao, uliza yuko wapi kimwili, chumba gani au mtaa gani, na nani yupo karibu. Si mara ya kwanza tu, kila mara. Simu ikikatika katikati ya sentensi mbaya, anwani ya mwaka jana haikusaidii. Na barua pepe ya ofisi ijibu yenyewe kwamba haisomwi usiku wala wikendi, na itaje namba inayopokelewa.

zamu_ya_jioni

La tatu, hospitali.

Asipelekwe kwa maneno. "Nenda hospitali ukifika kwako" si rufaa. Mtu wa ofisi anamsindikiza, au ndugu anamchukua mkononi mwako, na wewe unampigia anayempokea kabla hawajafika. Wakiwa njiani asiachwe peke yake hata kidogo, ikiwa ni pamoja na kwenda "kuchukua nguo bwenini mara moja".

Barua ya rufaa iandike maneno aliyoyasema kwako, kwa alama za kunukuu, pamoja na saa. Sababu ni hii: akifika kwa daktari, amechoka, kuna foleni, anaona aibu, anasema yuko sawa. Daktari anamuona kijana mtulivu anayejieleza vizuri, anamruhusu. Barua ikisema tu "tafadhali mwone, ana msongo wa mawazo", daktari hakuwa na sababu ya kumtilia shaka. Ikisema "leo saa 9 alasiri amesema ana nia, amechagua siku, na jana amegawa vitu vyake", mazungumzo yanakuwa mengine.

Halafu kuruhusiwa. Wiki ya kwanza baada ya kutoka hospitali ya magonjwa ya akili, na miezi 3 inayofuata, ni kipindi cha hatari kubwa mno, ilhali ndicho kipindi ambacho chuo kinapumua kikidhani yamekwisha. Kubalianeni na hospitali mapema, kwa ridhaa ya mwanafunzi iliyosainiwa, kwamba mtajulishwa kabla hajatoka. Kikao cha kwanza baada ya kutoka kisipite siku 7. Ndani ya saa 72 ni bora. Kama ameanzishiwa dawa za sonona, tangu 2007 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inatoa onyo kwamba kwa walio chini ya miaka 25 mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka mwanzoni mwa matibabu. Mshauri hamwachishi mtu dawa kwa sababu hiyo. Kuacha ghafla kuna hatari zake. Anaongeza ukaribu wiki hizo za mwanzo, na akiona mahangaiko mapya au usingizi umepotea kabisa anampigia aliyeandika dawa siku hiyo hiyo.

kalamu_nyeusi

Faili. Wanaosema "andika machache" wanajidanganya. Kisichoandikwa kwenye faili, miaka miwili baadaye hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba kilifanyika, wewe mwenyewe ukiwemo. Lakini na "andika kila kitu" nayo hapana. Simulizi la kurasa nne linaficha uamuzi. Kinachotakiwa ni uamuzi na sababu zake. Kwa mwanafunzi wa mfano hapo juu ningetegemea kuona kitu kama hiki:

"Ijumaa, 9:40 alasiri. Amesema: 'Saa nyingine naona bora nisingekuwepo.' Ameulizwa moja kwa moja kuhusu kujiua. Amekiri mawazo mara 3 hadi 4 kwa wiki tangu matokeo yatoke, zaidi usiku, dakika chache kila mara. Amekana nia, mpango, maandalizi. Amekana jaribio lolote maishani. Hanywi pombe. Usingizi saa 3 hadi 4. Vinavyomzuia: mdogo wake, anataka kurudia mtihani. Hospitali leo imefikiriwa, haikuchaguliwa: hakuna nia wala mpango, ameshiriki kuandika mpango wa usalama, ana mwenzake wa chumba. Wazazi: amekataa wajulishwe; hatari ya sasa haijafikia kuvunja usiri; amekumbushwa lini itafikia. Dawa za chumbani kukabidhiwa kabla ya 12 jioni. Simu kesho 4 asubuhi, mtu wa zamu. Kikao Jumatatu 3 asubuhi. Msimamizi wa kitaaluma ameshauriwa kwa simu 10:15, ameafiki."

Sentensi inayoanza na "Hospitali leo imefikiriwa" ndiyo kiini, na ndiyo inayokosekana kwenye mafaili mengi. Unaonyesha njia uliyoiacha na kwa nini uliiacha. Mtu akija kubishana nawe baadaye, atabishana na hoja yako.

Usiandike "hana hatari." Hakuna binadamu asiye na hatari, na hujui ya kesho. Andika ulichokiona leo. Usiandike pia "anatafuta kuonewa huruma". Mbali na kuwa dharau, sentensi hiyo ikisomwa mahakamani inakumaliza.

Faili liandikwe siku hiyo hiyo. Umesahau kitu? Ongeza ingizo jipya lenye tarehe na saa ya leo, lijieleze kwamba ni la nyongeza. Usirudi kurekebisha la zamani, hasa baada ya jambo baya kutokea. Mwanafunzi akifariki, faili halifunguliwi kuandikwa hata nukta. Linafungwa, msimamizi na mwanasheria wa chuo wanajulishwa, na usiri wake unaendelea hata baada ya kifo.

Na ile simu ya Jumamosi: ikipigwa bila kupokelewa, andika imepigwa saa ngapi na hatua iliyofuata. Hatua iliyofuata iwe imeshaamuliwa Ijumaa, naye mwanafunzi anaijua: "Nisipokupata mara mbili ndani ya saa moja, nitamwomba msimamizi wa bweni agonge mlango." Isipoamuliwa mapema, mtu wa zamu atabaki na simu mkononi akijiuliza kama anasumbua.

mlezi_wa_wanafunzi

Niko upande wa utawala, na najua la tano linatuhusu. Semeni ukweli na upande wetu: tunapoomba mwanafunzi aende kwao si kwamba hatujali. Bweni lina watu 300 na msimamizi mmoja usiku. Wenzake wa chumba wanakuja kulia kwetu kwamba hawalali wanamlinda. Wazazi nao wanauliza kwa nini hawakuambiwa.

mizani

Nakuelewa mlezi, na hoja ya wenzake wa chumba ni ya kweli. Lakini agizo la jumla la "arudi kwao hadi apone" lina madhara mawili. Mwanafunzi anaondolewa penye marafiki, ratiba na mshauri anayemjua, anapelekwa mahali ambapo pengine ndipo shida ilipo, huku akibeba aibu ya kuahirisha masomo. La pili: habari inaenea kwamba ukisema ukweli unafukuzwa, na kuanzia hapo ofisi ya ushauri inahudumia watu wanaoficha.

Kuahirisha masomo kuwe hiari inapowezekana, kuamuliwe kwa hali ya mtu mmoja mmoja, kuwe na tarehe na masharti ya kurudi yaliyoandikwa siku anayoondoka, pamoja na jina la mtoa huduma atakayempokea huko aendako. Kumwondoa kwa lazima kubaki kwa pale ambapo kila njia nyepesi imejaribiwa na imeshindwa. Na kamwe kusipitie kamati ya nidhamu, maana mwenye kuugua hajavunja kanuni.

Nafasi ya mshauri ni hii: asiwe tabibu na hakimu wa mtu yule yule. Chuo kikitaka tathmini ya kuamua kama mwanafunzi abaki au aende, aifanye mtaalamu mwingine asiyemtibu, na mwanafunzi aelezwe kabla kwamba matokeo yataenda kwa utawala. Mshauri wake aruhusiwe kutoa mapendekezo yenye ridhaa: kupunguziwa masomo muhula huu, kusogezewa mtihani, kubadilishiwa chumba. Mara nyingi barua ya kusogeza mtihani kwa wiki mbili inashusha mzigo kuliko vikao vitatu vya kuzungumza.

mlezi_wa_wanafunzi

Hilo la mtaalamu wa pili nimelichukua. Kwa wale wenzake wa chumba mnashauri nini?

daftari_la_bluu

Kikao chao wenyewe, bila kuelezwa siri za mwenzao. Waambiwe mambo matatu: ishara za kuripoti, namba ya kupiga, na kwamba wakishapiga wajibu wao umekwisha.

kalamu_nyeusi

Moja la mwisho kwa mleta uzi, kwa kuwa muhula unakaribia kuisha. Wiki mbili kabla ya chuo kufungwa, ofisi itoe orodha ya wote walio kwenye ufuatiliaji. Kila jina liwe na jibu: anakwenda wapi, nani atamwona huko, nani atampigia na tarehe gani, mpango wa usalama umebadilishwa kufuata mazingira ya nyumbani au bado unamtaja mwenzake wa chumba ambaye naye anaondoka. Mshauri anayekwenda likizo akabidhi kwa mtu, kwa mdomo na kwa maandishi, na mwanafunzi amjue huyo mtu kwa jina. Namba ya zamu iliyobandikwa mlangoni mtu aipige siku ya kufunga, saa 3 usiku, aone nani anapokea.